HAKI SIYO HURUMA
Maneno ya Kamati ya Elimu ya Chama, yaliyosomwa mkutanoni



Leo hatuzungumzii bei ya pamba wala mbegu. Tunazungumzia watu. Hapa kijijini wapo watoto waliofikia umri wa darasa la kwanza na majina yao hayajaandikwa shuleni. Mmoja hasikii, mwingine mguu hauna nguvu. Ukiuliza unajibiwa, "Huyu naye atasoma nini?" Jamani, jibu hilo sheria hailitambui.

Mwaka 1982 Bunge letu lilipitisha sheria mbili, moja ya ajira ya walemavu na nyingine ya matunzo yao. Mwaka 2010 zikafutwa, ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9. Neno lake kubwa ni haki.

SHULENI. Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma shule ya kawaida pamoja na wenzake, iwe ya serikali au ya binafsi. Akihitaji lugha ya alama au maandishi ya nukta nundu na hapo hayapo, atafutiwe shule inayofaa. Asirudishwe nyumbani tu hivi hivi. Mzazi naye anabanwa: Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka amwandikishe mtoto na kuhakikisha anahudhuria.

KAZINI. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea anatakiwa asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Yaani kwenye watu 100, watatu. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi katika kuajiri, mshahara, mafunzo, kupandishwa cheo na kuachishwa.

Wengine watauliza, je, kila kazi apewe kila mtu? Hapana. Kuchagua kwa sifa ambazo kazi yenyewe inazidai siyo ubaguzi. Dereva lazima aone. Lakini karani wa mizani anahitaji macho, hesabu na uaminifu, siyo mbio. Akihitaji kiti, apewe kiti, kazi iendelee.

Na wewe kijana uliye kiwandani, mashine ikikukata vidole halafu ukaambiwa kazi basi kwa sababu ya ulemavu, usirudi kimya kijijini. Kuachishwa kwa sababu hiyo siyo halali. Peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo zinakwisha upesi kuliko palizi! Tunza barua ya kazi na hati za mshahara.

Sasa turudi kwetu. Msimu huu ghala litataka makarani wa mizani. Chama chetu hakifikishi wafanyakazi 20, kwa hiyo ile asilimia 3 haitubani. Lakini kubagua tumekatazwa sawasawa na kiwanda kikubwa. Kamati inapendekeza kila mwombaji apimwe kwa hesabu na mizani, basi.

Kuhusu watoto, anayemjua aliyebaki nyumbani alete jina kwa katibu kabla ya Jumamosi. Tutakwenda pamoja na mzazi kwa mwalimu mkuu. Ikishindikana, tutamwona ofisa elimu kata na ofisa ustawi wa jamii wilayani.

Tunasema umoja ni nguvu. Haya, umoja huo uanze na yule tuliyezoea kumwacha nje ya mlango.

Kamati ya Elimu