Deni la Skuli na Mlipaji Wake

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Halmashauri imenipa kazi ya kueleza mbele yenu jambo lililozungumzwa barazani kwa muda mrefu, yaani shauri la Chama kukopa fedha ili skuli yetu ya Mji wa Kale itengenezwe pale ilipochakaa na kuongezewa vyumba. Wako wanaosema tukope upesi, kwa kuwa mtoto hangoji. Mwaka ukimpita haurudi. Wako wanaosema tusikope kabisa, kwa kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa. Kwa upande wangu naomba ruhusa ya kusema tangu mwanzo kwamba deni la skuli hupimwa kwa swali moja: ni nani atakayelilipa, na fedha zake zitatoka wapi? Jibu la swali hilo yafaa liandikwe na kutiwa sahihi kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

HAJA YENYEWE

Januari 2023 Gredi ya 7 ya mtaala mpya ilianza kufundishwa ndani ya skuli za msingi, na watoto wakatakiwa wakae papo hapo hata Gredi ya 9. Majengo yaliyokusudiwa watoto wadogo yakahitaji chumba cha sayansi, chumba cha kazi za mikono, na vyoo vya vijana waliokwisha kubaleghe. Skuli za bara zaweza kuongeza jengo upande wa pili wa kiwanja. Sisi tu watu wa kisiwani. Tumezungukwa na kuta za majirani, na njia iliyobaki ni kwenda juu.

Na kwenda juu katika Mji wa Kale si kazi nyepesi, kama mjuavyo ninyi mliozaliwa humo. Kuta zetu nyingi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Waliozijenga walizijenga vyema, lakini hawakuzipimia ghorofa ya zege. Tena tangu 1990 mji huu ni eneo la hifadhi, na mwenye kujenga hana budi kupeleka ramani yake mbele ya wenye kusimamia hifadhi hiyo, pamoja na kupata kibali cha Kaunti. Kwa hiyo shilingi ya kwanza tutakayoitumia haitakuwa ya saruji, bali ya mhandisi wa kukagua kuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi tukiongeza ghorofa juu ya ufa, tutajenga nyumba nzima upya.

NJIA YA WENZETU

Katika sehemu nyingi za Marekani skuli za umma huendeshwa na wilaya ya skuli yenye bodi yake. Bodi ikitaka kujenga, kwa kawaida huwaendea wapiga kura. Karatasi ya kura hutaja kiasi cha fedha na kazi itakayofanywa. Wakazi wakikubali, wilaya huuza hati za mkopo ziitwazo bondi. Wanunuzi hutoa fedha leo, nao hurudishiwa kwa miaka mingi pamoja na faida, kutokana na kodi ya nyumba na ardhi. Hoja yao ni kwamba jengo litatumiwa na watoto wa miaka mingi, basi ni haki mzigo wake nao ugawanywe katika miaka hiyo.

Sisi hatuna mlango kama huo. Kwa Katiba ya 2010, skuli za msingi na za sekondari ni kazi ya Serikali ya Taifa. Kaunti imepewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kodi ya ardhi hutozwa na Kaunti. Na Kaunti yenyewe haiwezi kukopa mpaka Serikali ya Taifa iwe mdhamini wake na Bunge la Kaunti liidhinishe. Hivi ndivyo ilivyo: mwenye skuli hana kodi hiyo, na mwenye kodi hana skuli hiyo.

Uko mfuko wa maendeleo ya maeneo ya Bunge, ulioanzishwa kwa sheria ya 2003, ambao umejenga madarasa mengi nchini. Tuuombe, na tuombe mapema. Lakini fedha zake hugawanywa mwaka kwa mwaka, na sheria zake zimefikishwa mahakamani zaidi ya mara moja. Si busara kuandika deni la miaka mitano juu ya fedha ambayo hatujaahidiwa.

Hata hivyo yako mambo matatu ya kuigwa katika desturi ya wenzetu: wenye kulipa huulizwa kwanza, kazi hutajwa kwa maandishi, na chemchemi ya malipo hujulikana kabla ya kukopa.

YALIYOTUTANGULIA

Mombasa si ngeni katika kujenga skuli. Skuli ya Allidina Visram ilijengwa kwa fedha za mwanawe kuwa kumbukumbu ya mfanyabiashara huyo aliyefariki 1916, ikafunguliwa 1923. Mwaka 1948 ilianzishwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, na miongoni mwa waliotoa fedha walikuwamo Sultani wa Unguja, Aga Khan, jamii ya Mabohora na Serikali ya Uingereza. Taasisi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Politekniki ya Mombasa, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hayo yalikuwa matunda ya vipawa vikubwa. Kipawa hakidai kulipwa. Bali hakiji kwa kuamriwa.

Baada ya 1963 ulikuja wito wa Harambee, na wananchi wa kawaida wakajenga skuli nyingi kwa mchango wa shilingi, mabati na nguvu za mikono yao. Ni sifa kubwa. Lakini liko funzo jingine ambalo wazee walilishuhudia. Mwaka 1974 Serikali iliondoa ada katika madarasa manne ya mwanzo. Watoto wakafurika, vyumba vikawa haba, na kamati za skuli zikaanza kutoza fedha za majengo. Mahali pengi fedha hizo zikazidi ile ada iliyoondolewa, na mtoto wa maskini akarudi nyumbani. Mlango ulifunguliwa, kisha ukafungwa kwa matofali yaliyonunuliwa kwa jina lake.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza skuli ya umma kutoza ada ya masomo. Malipo mengine yahitaji idhini ya Waziri, na mtoto hakatazwi kuingia darasani kwa sababu hayakulipwa. Basi liwe wazi mbele ya mkutano huu: deni letu, tukilichukua, lisilipwe na mtoto. Mzazi akishindwa, mtoto asiambiwe neno.

HESABU NA RIBA

Mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliuza hati ya mkopo iitwayo M-Akiba, iliyonunuliwa kwa simu ya mkononi kuanzia Sh. 3,000, kwa faida ya asilimia 10 kwa mwaka, muda wa miaka mitatu. Toleo la majaribio la Machi lilitafuta Sh. milioni 150, likazipata. Toleo la pili la mwaka huo huo lilitafuta Sh. bilioni 1, likapata kama milioni 247 tu. Tukumbuke habari hiyo kila tunapoambiwa kwamba watu ni wengi na fedha zitapatikana. Ikiwa Serikali yenyewe iliita bilioni ikaitikiwa na robo, Chama kihesabu fedha iliyo mkononi, kisihesabu makofi ya mkutanoni.

Sasa natoa mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu, kwa maana mhandisi hajatupa zake. Tuseme kazi yote ni Sh. milioni 6. Tukikopa kwa faida ya asilimia 10 kwa mwaka, na kurudisha rasilimali mwishoni mwa miaka mitano, faida peke yake ni Sh. 600,000 kila mwaka, yaani milioni 3. Ni nusu ya jengo jingine, nalo hakuna mtoto atakayeketi ndani yake.

Tena liko jambo la dini, nasi tusilipite kimyakimya. Wengi wa wanachama wetu hawatanunua hati yenye riba, wala hawataki skuli isimame juu yake. Mwaka 2024 ilitolewa hapa Kenya sukuku ya kwanza, iitwayo Linzi, ya Sh. bilioni 3 za kujenga nyumba, kwa njia inayofuata sharia. Njia hiyo ipo, lakini ni ya makampuni makubwa na wanasheria wengi; si kimo chetu.

Kimo chetu ni karadha. Chama kitoe hati za Sh. 3,000 kila moja kwa wanachama wake tu, zisizo na faida, zitakazorudishwa kama zilivyo. Hati 2,000 ni Sh. milioni 6. Ili zirudishwe kwa miaka mitano yahitajiwa Sh. 100,000 kila mwezi. Wanachama 500 wakitoa Sh. 200 kila mmoja, deni limelipika. Lakini tufanye na hesabu ya hofu: wakitoa 350 tu, tutapata Sh. 70,000, na deni litapita miaka saba. Mjane aliyetukopesha akiba yake aambiwe hayo siku ya kununua hati, asiambiwe siku ya kuja kudai.

Hati hizi zisiuzwe nje ya Chama. Kuwauzia watu wote ni jambo linalosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, iliyoundwa 1989. Na hata hizi za wanachama, wakili azisome kwanza.

KIWANJA

Neno langu la mwisho ni juu ya ardhi. Hakuna watu wanaoijua nyumba bila ardhi kuliko watu wa Mombasa. Majengo na kwingineko mtu amejenga, amezaa, amezeeka ndani ya nyumba yake, na udongo ulio chini yake una mwenyewe mwingine. Mwaka 2015, baada ya watoto wa skuli ya Lang'ata jijini Nairobi kurushiwa gesi ya machozi wakitetea uwanja wao, nchi nzima ilizinduka kwamba skuli nyingi za umma hazikuwa na hati za viwanja vyao. Tusimimine zege ya karadha juu ya kiwanja ambacho hati yake hatujaiona kwa macho.

MAPENDEKEZO

Kwa hayo, Halmashauri inaleta mbele yenu mambo haya yapigiwe kura moja moja:

1. Hati ya kiwanja ithibitishwe na nakala yake iwekwe katika faili la Chama kabla ya jambo jingine lolote.

2. Mhandisi akague kuta, na ripoti yake isomwe mbele ya wanachama.

3. Ukarabati utangulie, na vyumba vipya vifuate.

4. Karadha isiite fundi mpaka robo tatu ya fedha iwe imeingia benki. Isipofikia hapo katika miezi kumi na miwili, kila mtu arudishiwe chake.

5. Fedha za malipo ziwe na akaunti yake mbali, yenye sahihi tatu, na hesabu yake ibandikwe ubaoni kila mwezi.

6. Mtoto yeyote asidaiwe kwa ajili ya deni hili.

Wazee wangu, dawa ya deni ni kulipa, na dawa hiyo hunywewa kwa miaka. Wengi mliomo humu mtatoa shilingi zenu, na watakaopanda ngazi za jengo hilo watakuwa watoto wa watu msiowajua. Ikiwa mko radhi kwa hilo, pigeni kura ya ndiyo bila hofu. Ikiwa hamko radhi, semeni leo, kwa kuwa siku ya leo neno la hapana halimgharimu mtu kitu.