Chakula Kikikwama: Tuisome Bili Kabla ya Kulipa



Huku kwetu Bomet na Kericho saratani ya umio, ile njia ya chakula, tunaijua. Wengi wametibiwa Hospitali ya Tenwek. Basi mtu akianza kusema ugali unamkwama, tusingoje mpaka ashindwe na uji.

Daktari anaweza kuagiza picha ya kumeza. Mgonjwa hunywa dawa nyeupe iitwayo bariamu, na eksirei huifuata ikishuka.

Tuliwahi kumsindikiza mzee mmoja kwa picha hiyo. Hospitali hatutaitaja. Familia iliuza mtamba. Kwenye bili kulikuwa na "picha", halafu chini "kusoma picha". Tukalipa tu, tukiogopa kuuliza. Baadaye tukaambiwa ile bei ya kwanza ilikuwa tayari na malipo ya kusoma. Ripoti nayo hatukuichukua, kwa hivyo hospitali ya pili ikataka picha nyingine. Mzee akangoja tena.

Tujifunze hivi: kazi hii ina sehemu mbili. Kwanza ni mashine, dawa na mpiga picha. Pili ni daktari wa radiolojia, anayesoma picha na kuandika ripoti. Wote wana haki ya kulipwa, lakini mara moja tu. Huko Marekani kila picha ya aina hii huandikwa namba yake. Ikiwa ni mashine peke yake huongezwa TC, kusoma peke yake huongezwa 26. Namba nzima ikishalipwa, kusoma hakudaiwi tena. Namba tusikariri, lakini wazo tulishike.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa tuulize:

1. Bei hii ni pamoja na kusoma, ama kusoma ni kando?
2. SHA inalipa nini, na sisi tunabakiwa na ngapi?
3. Ripoti tutapewa lini?

Tusirudi nyumbani bila ripoti na risiti.

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Bonasi ya chai ikitoka, kikundi kiweke hiyo kando kwanza, kabla ya mabati na sherehe.

Kuuliza si ujinga, na si kugombana na daktari. Yule mzee angeulizia bili yake, lakini alikuwa hawezi hata kumeza mate. Sisi tuliosimama naye ndio tungeuliza.