Waraka Usio na Stempu: Mhadhara wa Umma Uliotolewa Uvira



Wapo mabingwa wa elimu ya stempu, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu kwa ujuzi wao, wanaoshikilia rai ya kwamba posta ya nchi hii ilizaliwa tarehe 1 Januari 1886, siku ambayo Dola Huru ya Kongo ilitoa stempu zake za kwanza zenye sura ya Mfalme Leopold wa Pili na kuingia katika Umoja wa Posta Ulimwenguni. Na kwa upande wa mwambao wetu huu wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika husema kwamba kuzaliwa huko kulichelewa zaidi, kwa kuwa hapakuwa na muhuri wa posta wa Uvira mpaka serikali ilipoweka kituo chake hapa. Kila waraka uliosafiri kabla ya hapo, kwa rai yao, ni karatasi iliyobebwa na msafiri, yenye faida labda kwa mwandishi wa tarikh, lakini isiyo na makao katika albamu ya mkusanyaji wala katika fahirisi za wauzaji. Nimekuja kuipinga rai hiyo, nami nitaipinga kwa kirefu, maana imetuharibia mali nyingi katika masanduku ya wazee wetu.

Twende kwanza mbali. Katika makoloni ya Waingereza huko Amerika ya Kaskazini, Benjamin Franklin aliwekwa kuwa msimamizi wa posta wa Philadelphia mwaka 1737, na mwaka 1753 akafanywa, pamoja na William Hunter, naibu wa msimamizi mkuu kwa makoloni yote, hata Waingereza walipomwuzulu mwaka 1774. Barua zilizopita mikononi mwa makarani wa zama zile hutafutwa leo kwa juhudi kubwa na hununuliwa kwa fedha nyingi, na katika hizo zote hakuna hata moja yenye stempu, kwa kuwa stempu ya kwanza ulimwenguni ilitolewa Uingereza mwaka 1840. Alichonacho mkusanyaji ni karatasi iliyokunjwa ikatiwa lakiri, jina la mji lililopigwa kwa muhuri au kuandikwa kwa kalamu, na ujira uliohesabiwa kwa uzito wa fedha, ambao aghalabu ulilipwa na mwenye kupokea. Hakuna bingwa hata mmoja aliyethubutu kusema kwamba barua hizo si posta. Basi iwapo stempu si sharti kwa waraka wa Philadelphia, kwa hoja gani itakuwa sharti kwa waraka wa Ujiji au wa Uvira?

Nimekwisha kuuliza swali hilo likanirudia na jawabu, nalo ni hili: Franklin alikuwa na ofisi, makarani na ujira maalumu, na huku kwetu hapakuwa na kitu ila mkono wa mtu. Jawabu hili lina sura ya haki, lakini halisimami mbele ya mambo yaliyotukia. Wasafiri Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji mwezi wa Aprili 1858, waliukuta mji huu ndio mwisho wa safari za wafanya biashara wa pwani kwa upande wa kaskazini wa ziwa. Na mfanya biashara wa zama zile hakuwa mtu wa kupotea porini, bali alikuwa na mdai wake Unguja, na mshirika wake Tabora, na nyumba yake Ujiji, wala hakuweza kuendesha hesabu ya pembe moja ya ndovu bila ya nyaraka kwenda na kurudi. Tarishi aliajiriwa kwa ujira uliojulikana, njia yake ilijulikana, na vituo vyake vilijulikana. Sisemi kwamba njia hiyo ilikuwa tukufu, maana misafara ile ile iliyobeba nyaraka ilibeba pia watu waliotiwa minyororo, na mwenye kuikusanya barua ya zama hizo akasahau jambo hili hajui alichoshika. Nasema tu kwamba ilikuwa njia ya posta.

Tena utazameni ule mfuko wa barua ambao Stanley alimkabidhi Livingstone pale Ujiji mwezi wa Novemba 1871. Ulikuwa umeandikwa juu yake tarehe 1 Novemba 1870, na jina la mwenyewe, na maneno ya kuonyesha kwamba ndani yake mna barua za rejista. Ukakaa njiani na Unyanyembe, upande wa Tabora, mwaka mzima. Mwaka ule ulioandikwa juu ya mfuko hapakuwa na ofisi ya posta Unguja kamwe, kwa sababu ile iliyofunguliwa na serikali ya Uhindi mwaka 1868 ilikuwa imefungwa mwaka uliofuata, isifunguliwe tena mpaka 1875. Rejista, basi, pasipo ofisi. Ahadi ya kufikisha, pasipo muhuri wala stempu. Na mfuko ukafika. Siku chache baadaye wasafiri wawili hao walipanda mtumbwi wakaja huku kwetu mpaka mlango wa Rusizi, wakahakikisha kwamba mto ule huingia ziwani wala hautoki, na mwezi wa Machi 1872 Stanley akaondoka Unyanyembe kurudi pwani, naye amechukua barua na daftari za Livingstone. Ikiwa huu si upelekaji wa barua, sijui tuuite nini.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya baada ya 1875. Wamisionari wa London walipofika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe walipofika Rumonge 1879, kisha Masanze 1880, kisha Kibanga 1883, barua zao zilishuka na misafara mpaka Unguja, na huko zikabandikwa stempu za Uhindi zenye kichwa cha Malkia Victoria, zikapigwa muhuri wa Zanzibar. Mkusanyaji akiiona bahasha hiyo husoma Zanzibar, huiweka chini ya Uhindi au chini ya Zanzibar, naye hutosheka. Masanze haimo. Kibanga haimo. Mwambao mzima umefutwa kwa pigo moja la muhuri, na njia pekee ya kuurudisha ni kuifungua barua na kuisoma ilikoandikwa, yaani kufanya jambo ambalo wafuasi wa stempu huliona kuwa si kazi yao. Rai yao, basi, kosa lake si kwamba inaacha nyaraka nje tu. Hata zile inazozikubali inazipa nchi isiyo yake.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo na kitabu kimoja nikipendacho, ambacho C. G. Büttner, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki cha Berlin, alikitoa mwaka 1892, nacho ni mkusanyo wa hati za Waswahili kwa khati ya Kiarabu, pamoja na kuzigeuza katika herufi za Kirumi na kuzifasiri kwa Kijerumani. Büttner hakuwa mkusanyaji wa stempu hata kidogo. Alitaka wanafunzi wake wajue kusoma barua ya mtu wa pwani. Na kwa sababu hiyo alituhifadhia kitu ambacho hakuna albamu iliyokihifadhi, yaani mkono wenyewe wa mwandishi, namna mstari unavyopanda kidogo kuelekea kushoto, namna nukta zinavyoachwa kwa haraka, namna salamu zinavyotangulia kwa adabu yote, janabi na muhibu na aziz, kisha rehema na baraka, kisha habari ya hali na afya, na ndipo, baada ya waba'adu, jambo lenyewe linapoingia, mara nyingi kwa maneno machache kuliko salamu. Nimekifungua kitabu hiki mbele ya wanafunzi mara nyingi, na kila mara nimewaambia waitazame barua kwanza kama kitu kilichokunjwa, kikachukuliwa, kikakabidhiwa mtu, kabla ya kuisoma kama maneno.

Na kwa kuwa tumefika kwenye sura ya nje ya waraka, liko jambo ambalo wapenda muhuri wangepaswa kulifurahia kuliko watu wote. Katika nchi nyingi za Kiislamu ilikuwa desturi kuandika juu ya waraka, karibu na anwani, tarakimu nne, 2, 4, 6 na 8, ambazo kwa hesabu ya abjadi ni herufi za be, dali, wau na he, zisomwazo buduh, na zilitiwa pale ili waraka ufike salama mikononi mwa mwenyewe. Muhuri wa posta ni ahadi ya serikali kwamba barua itafika. Tarakimu zile ni jambo hilo hilo lililoombwa kwa Mwenyezi Mungu. Anayezitazama tarakimu hizo akaona pambo tu amepitwa na alama ya posta iliyo kongwe kuliko ofisi zote za mwambao huu.

Niwape na kisa cha nyumbani, kwa kuwa ndicho kilichonitia hamaki hii. Marehemu shangazi yangu wa Kalundu, hapa Uvira, alikuwa na bahasha moja ya ndugu yake aliyekwenda kutafuta kazi katika miaka ya 1950. Barua ya ndani ilipotea tulipokimbia vita mwaka 1964. Bahasha ilibaki kwa sababu aliikunja ndani ya kitambaa cha kichwa, ila pembe yake ya juu, kulia, ilikuwa imekatwa kwa mkasi, kwani mpenda stempu mmoja aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba alimlipa sarafu chache, akaondoka na stempu. Shangazi hakujua kusoma, akaniomba nimwambie ndugu yake aliandika kutoka wapi. Katika ukingo wa pale palipokatwa pamesalia kipande cha duara la wino, na ndani yake herufi mbili, KI, na kisha hewa. Kigoma iko ng'ambo ya ziwa, kusini. Kigali iko kaskazini. Kitega iko mashariki. Kindu iko magharibi, upande wa pili wa milima. Stempu ingetwambia nchi, na nusu ya pili ya muhuri ingetwambia mji, na zote mbili ziko katika albamu ya mtu fulani, safi, zimebandikwa sawasawa. Shangazi alikufa bila kupata jawabu.

Sikatai kwamba stempu ina elimu yake. Wabelgiji walipoitwaa Usumbura mwezi wa Juni 1916, zilitolewa stempu za Kongo zilizogongwa neno RUANDA au URUNDI, zile ziitwazo za Jenerali Tombeur, kisha zile zenye maneno ya Kifaransa na Kiflamandi ya kutangaza nchi ya Wajerumani iliyokaliwa. Na barua za askari zikapigwa muhuri wa posta ya vitani wenye herufi B.P.C.V.P.K. na nambari. Mwenye kuzijua hizi anajua mengi ya vita vile. Lakini za Tombeur zimeghushiwa mno, na bandia hudhihirika kwa wepesi zaidi pale stempu inapokuwa ingali juu ya bahasha yake, pamoja na tarehe, anwani na njia. Hata stempu, basi, hutegemea waraka kuthibitishwa.

Imebaki rai yangu moja, ambayo wenzangu wameipinga kwa hoja nzuri nami nimezipima zote. Nasema posta ya Uvira siku zote imeelekea Bahari ya Hindi. Najua kwamba makao makuu ya serikali yalikuwa Boma. Najua kwamba reli ya Matadi na Leopoldville ilifunguliwa mwaka 1898, na kwamba nyaraka za serikali zilipita kwa merikebu za mto. Lakini reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na Wabelgiji wenyewe, kwa mkataba wa 15 Machi 1921, walijipatia Kigoma na Dar es Salaam vituo vyao, Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo ya mashariki na ya Ruanda-Urundi itoke kwa njia ile ile waliyoipita matarishi. Kwa hiyo, katika fahirisi tunayoianza chuoni hapa, barua za mwambao huu zitapangwa kwa njia zilizopita, bendera iwe yoyote. Zitapokelewa nzima, bahasha pamoja na yaliyo ndani, kutoka kwa yeyote atakayetuletea. Na mlango wake wa kwanza utakuwa ni wa Ujiji, Tabora na Unguja, kuanzia mwaka 1858, miaka 28 kabla ya stempu ya kwanza ya Leopold.