Moshi wa basi la shule: nani alipe?



Leo nataka tuzungumze juu ya fedha za umma. Safari hii si zile za barabara wala za hospitali. Nataka tutazame fedha ambazo serikali ya Marekani imezitenga ili shule ziachane na mabasi ya dizeli na kununua mabasi yanayokwenda kwa nguvu za umeme. Najua wapo watakaosema: mabasi ya watoto wa Marekani yanatuhusu nini sisi, ambao watoto wetu wanagombana na makonda kila asubuhi ili wapate kupanda kwa nauli ya mwanafunzi? Swali hilo ni halali, nami nitalijibu kabla ya kuagana. Naomba tu mnivumilie tuanze na hali ilivyo huko kwenyewe.

Basi la shule la Marekani wengi wetu tumeliona katika sinema: refu, la rangi ya manjano, na watoto wanashuka na mabegi mgongoni. Mabasi hayo yapo karibu 480,000. Kila siku ya masomo hubeba watoto zaidi ya milioni 20. Kwa miaka mingi, mengi yake yamekuwa yakienda kwa dizeli. Basi la namna hiyo husimama, huondoka, husimama tena, na mara nyingi husubiri mbele ya shule huku injini inanguruma.

Sasa moshi huo si jambo la kukera pua tu. Mwezi Juni mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza rasmi kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Na mapema zaidi, mwaka 2001, watafiti wa California walipanda na vipimo vyao ndani ya mabasi ya shule. Wakakuta kwamba mtoto aliyekaa ndani ya basi anaweza kuvuta moshi wa dizeli hadi mara nne zaidi ya mtu aliye katika gari dogo linalotangulia mbele ya basi hilo hilo. Yaani moshi haubaki nyuma ya basi kama tunavyodhani. Sehemu yake inarudi ndani.

Mtoto ana mapafu ambayo bado yanakua. Kwa uzito wake, anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Kama ana pumu, safari ya asubuhi inaweza kumgharimu siku nzima ya masomo. Na jambo kubwa kuliko yote, mtoto hachagui basi. Hata mzazi wake hachagui, hasa mzazi asiye na gari. Basi linalokuja ndilo hilo atakalopanda.

Hapo ndipo inapoanzia hoja ya fedha za umma. Wapo wanaosema kwamba gari ni mali ya mwenye gari, na kama linatoa moshi basi atengeneze mwenyewe. Lakini hasara ya moshi haimwangukii anayenunua basi. Wilaya ya shule ikinunua basi la bei rahisi, inajiokolea fedha katika daftari lake. Gharama ya dawa ya pumu inakwenda kwa mzazi, gharama ya kitanda cha hospitali inakwenda kwa wengine, na somo alilokosa mtoto halilipwi na mtu yeyote. Pale ambapo anayenunua si yeye anayeumia, soko peke yake halitatuondolea moshi. Ni lazima mfuko wa wote uingie.

Basi mfuko huo uliingia. Tarehe 15 Novemba 2021, Rais Joe Biden alitia saini sheria kubwa ya miundombinu, na ndani yake zilitengwa dola bilioni 5 kwa ajili ya mabasi ya shule, kwa miaka mitano kuanzia 2022 hadi 2026. Kazi ya kuzigawa ilipewa Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo. Nusu ya fedha hizo ni kwa mabasi yasiyotoa moshi kabisa, na nusu nyingine inaweza kununua pia yale yanayotumia gesi. Katika mgawo wa kwanza, wilaya maskini iliweza kupewa hadi dola 375,000 kwa basi moja kubwa la umeme, na nyongeza ya dola 20,000 kwa vifaa vya kuchajia betri. Waombaji walifurika. Wilaya karibu 2,000 zilituma maombi, na jumla ya fedha walizoomba ilifika karibu dola bilioni 4. Mwezi Oktoba 2022 zilichaguliwa wilaya 389, zikapewa karibu dola bilioni moja kwa mabasi zaidi ya 2,400, mengi sana yakiwa ya umeme.

Haya, na tupige hesabu pamoja. Basi jipya la dizeli huko ni la dola zaidi ya laki moja. La umeme ni laki tatu na nusu, na pengine zaidi. Ukichukua zile dola bilioni 5 zote ukanunulia mabasi ya umeme kwa laki tatu na nusu kila moja, utapata mabasi kama 14,000. Kati ya mabasi 480,000, hayo ni matatu katika kila mia. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba fedha hizi zitamaliza moshi wa mabasi ya Marekani. Hazitamaliza. Na kwa kuwa hazitoshi, swali la maana ni hili: ziende kwa nani kwanza?

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa matokeo ambayo mimi naona yanastahili kusomwa na kila waziri wa fedha. Kabla ya mpango huu wa dola bilioni 5, kulikuwa na mpango mdogo zaidi, ambao uligawa fedha za kubadili mabasi kwa kupiga kura ya bahati, kwa sababu waombaji walikuwa wengi. Watafiti wakalinganisha wilaya zilizobahatika kati ya mwaka 2012 na 2017 na zile zilizokosa. Wakaona kwamba katika wilaya zilizobahatika, mahudhurio ya watoto shuleni yalipanda, na yalipanda zaidi pale ambapo mabasi yaliyoondolewa yalikuwa makuukuu kuliko yote.

Msikilizaji makini ataniuliza: je, mabasi mapya ya wakati huo yalikuwa ya umeme? La, kwa sehemu kubwa hayakuwa ya umeme. Yalikuwa ya dizeli pia, ila ya kisasa, yenye vichujio vya masizi. Kwa hiyo faida kubwa ilitokana na kuondoa gari bovu. Wapinzani wa mabasi ya umeme wanaishika hoja hiyo na kusema: kwa bei ya basi moja la umeme, si tungeondoa mabasi mabovu matatu?

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini ina upande wa pili. Basi la shule linafaa sana kwa umeme kuliko magari mengi. Njia yake inajulikana, si ndefu, na mchana kutwa limeegeshwa, kwa hiyo kuna saa nyingi za kuchaji. Halinywi mafuta, na injini yake haina oili ya kubadilisha. Katika mji wa Oakland, California, mwaka 2024 shule za umma zilipata mabasi 74 ya umeme mtupu, nayo yamewekewa mitambo ya kuweza kurudisha umeme kwenye gridi jioni, wakati watu wengi wanapouhitaji. Basi la dizeli likiegeshwa, haliwezi kufanya hivyo. Maoni yangu, kwa hiyo, ni kwamba umeme ni njia sahihi, ila mgawo ufuate moshi. Aanze kupewa yule mwenye basi kuukuu na mfuko mtupu. Mpango wa Marekani ulijaribu kufanya hivyo, kwa kutanguliza wilaya za watu wa kipato cha chini, za vijijini na za makabila ya wenyeji wa asili. Hilo nalisifu.

Ambalo silisifu ni kudhani kwamba kununua ndiyo kumaliza. Kununua ng'ombe ni kazi moja, kumlisha ni kazi nyingine. Kampuni moja ya Canada iitwayo Lion Electric iliuza mabasi mengi kwa shule za Marekani kwa kutumia ruzuku hizi. Mwezi Desemba 2024 ikaelemewa na madeni na kuomba ulinzi wa mahakama. Ilipouzwa mwaka uliofuata, wilaya nyingi za Marekani zikabaki na mabasi ambayo dhamana yake haikuheshimiwa tena. Gari likiharibika, fundi ni nani na kipuri kinatoka wapi? Isitoshe, mwezi Januari 2025 serikali mpya ya Rais Donald Trump ilisimamisha kwa muda utoaji wa fedha za sheria ile, na wilaya zilizokwisha kuagiza mabasi zikabaki zinasubiri bila kujua zitalipwa lini. Fedha za umma zinazotegemea nani ameshinda uchaguzi humfanya mwalimu mkuu aogope hata kujaza fomu.

Sasa nirudi kwa yule aliyeuliza mwanzoni, yanatuhusu nini. Katika masharti ya mpango ule limo moja ambalo halikuandikwa sana magazetini. Wilaya ikipewa basi jipya, inatakiwa kuondoa la zamani, na kama la zamani ni la dizeli la mwaka 2010 au kabla yake, ni lazima liharibiwe. Na neno kuharibiwa limeelezwa vizuri: injini itobolewe tundu la upana wa inchi tatu, na fremu ya gari ikatwe. Baada ya hapo hakuna fundi wa dunia hii atakayelifufua.

Kwa nini ukali huo? Kwa sababu mabasi ya shule ya Marekani yakichoka hayafi. Kwa miaka mingi yamekuwa yakipigwa mnada na kuvushwa kwenda nchi kama Guatemala, yakapakwa rangi za kupendeza, yakaendelea kufuka moshi juu ya watoto wengine. Nasi wa Afrika tunaijua biashara hiyo. Kati ya mwaka 2015 na 2018, kwa mujibu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, magari madogo na mabasi madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine, na Afrika ilipokea fungu kubwa kuliko bara lolote. Kila nchi tajiri inapoamua kusafisha hewa yake, nasi tunapaswa kuuliza: lile la zamani linakwenda wapi? Kama jibu ni bandarini, basi moshi haukuondolewa. Umehamishwa tu, na mtoto wa mwingine ndiye atakayeuvuta.

Ndiyo maana nasema lile tundu la inchi tatu lina thamani kubwa. Nchi zetu nazo zitafika siku ya kutoa ruzuku kwa mabasi ya umeme, na tayari mabasi ya namna hiyo yanabeba abiria Nairobi. Siku hiyo ikifika, tusishangilie idadi ya mabasi mapya tu. Tuulize mambo matatu. Nani anapewa kwanza? Nani atalitengeneza likiharibika baada ya miaka mitano? Na lile kuukuu limetobolewa injini, au limeuzwa mkoa wa jirani? Waziri asiyeweza kuyajibu matatu hayo, asipewe fedha zetu.