Ziwa ni Amana: Mazungumzo na Wana Mwanga



Mheshimiwa mwenyekiti, mashekhe wetu, wazee, akina mama na vijana wa Mwanga, mlio nyumbani na mlio mbali. Nimeombwa niseme machache kuhusu Uislamu na utunzaji wa mazingira. Nitasema ya hapa kwetu.

Mwanga tuko juu, ziwa liko chini. Masika yakianza, kilichotupwa mtaani, Mwanga Kaskazini na Mwanga Kusini, kinateremka na mifereji kuelekea Tanganyika: chupa za plastiki, pampasi za watoto, maji ya choo kilichofurika. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Kinachoingia humo hakitoki upesi. Na maji hayo hayo ndiyo tunayonywa na kutawadhia, sisi na jirani zetu wa Burundi, Kongo na Zambia.

Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Akaonya pia juu ya kujisaidia njiani na penye kivuli cha watu. Maana yake iko wazi: usimharibie mwenzio anachokitegemea. Akafundisha kwamba kuondoa kero njiani ni sehemu ya imani. Basi kuzibua mfereji ulio mbele ya mlango wako ni ibada, hata kama taka si zako.

Tuje kwenye udhu. Mtume alitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Leo mtu anafungua bomba la msikiti, anapiga soga na mwenzake, maji yanakwenda. Mtaa wa pili kuna mama anapanda mlima na ndoo kichwani. Babu zetu walitosheka na birika. Nasi kopo moja linatutosha.

Sasa samaki. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, serikali ilisimamisha uvuvi ziwani ili samaki wazaliane. Jambo hilo liliwauma wengi. Mvuvi wa Kibirizi huishi kwa anachopata usiku ule, na mama anayeanika dagaa hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini mgebuka akivuliwa kabla hajazaa, kesho hatakuwapo. Anayevuta kokoro gizani anakula sahani ya mwanawe.

Hata hivyo, ndugu zangu, hapa pana suala la haki. Tukimwambia mvuvi alipumzishe ziwa, tusimwache alipumzishe na tumbo. Mja hawezi kusikia mawaidha ya mazingira watoto wakilala njaa. Zaka na sadaka zetu zina kazi hapo: unga, ada ya shule, mtaji mdogo wa kuvusha miezi mitatu. Tukilikwepa hilo, mahubiri yetu yatakuwa maneno ya walioshiba.

La mwisho ni mti. Tumefundishwa kwamba Mwislamu akipanda mti, anachokula ndege, mnyama au mtu kutoka humo ni sadaka yake. Tazameni miembe mikongwe ya Ujiji: walioipanda hatuwajui, kivuli chao tunakikalia. Tupande nasi, miembe na michikichi, hasa kwenye miteremko inayomomonyoka.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Mlio nyumbani: Ijumaa moja kila mwezi, baada ya swala, tutoke na majembe na mafyekeo tusafishe mifereji. Mlio mbali, Dar es Salaam au ng'ambo: mkichangia chama, mtenge fungu la miche, mapipa ya taka na akiba ya wavuvi. Kidogo cha kudumu kina baraka kuliko kingi cha siku moja.

Ziwa hili tumelikuta. Tutaulizwa tumeliachaje.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.