Jino Linalotikisika na Hofu ya Koleo



Mtoto wa miaka 6 akisikia jino lake linatikisika hufurahi. Hulisukuma kwa ulimi mchana kutwa, na likisha kung'oka hulitupa juu ya paa, akalingojea jipya. Furaha yake ni ya haki, maana meno ya utoto ni 20 tu, nayo huondoka moja moja mpaka kadiri ya miaka 12, ili kuyapisha meno ya ukubwani, ambayo yakitimia ni 32.

Lakini mtu mzima akisikia jambo lilo hilo kinywani mwake, moyo humwenda mbio. Humficha mkewe, hutafuna upande mmoja, huacha muwa na mahindi ya kuchoma, na usiku huligusa jino kwa ulimi apate kujua kama limezidi kulegea. Kwenda kwa daktari hataki, kwa kuwa ana hakika kwamba huko atakutana na koleo.

Hofu hiyo si ya kuchekwa. Zamani, duniani kote, mtu aling'olewa jino huku ameshikwa mikono, na habari za maumivu yake zikasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Mwaka 1844 daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, alivuta hewa ya kulevya, akang'olewa jino lake mwenyewe bila kuumia. Mwaka 1943 wataalamu wawili wa Uswidi, Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, walitengeneza lidokaini, dawa ya ganzi ambayo madaktari wa meno waitumia hata leo kwa sindano nyembamba. Basi mara nyingi wajukuu wamerithi hofu ya maumivu ambayo dawa yake imekwisha kupatikana.

Sasa, kwa nini jino la mtu mzima hulegea? Pengine ni kwa sababu ya pigo au ajali. Lakini mara nyingi ni ugonjwa wa fizi. Ukoga usiposuguliwa huganda ukawa mgumu kama jiwe. Fizi huvimba na kutoka damu, na mfupa ushikao jino hupungua polepole, kama udongo unavyochukuliwa na mvua kwenye nguzo ya nyumba. Tumbaku na ugonjwa wa kisukari huzidisha madhara hayo. Na kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi hauumi mwanzoni, mtu hudhani anayo nafasi ya kungoja.

Hapo ndipo penye kosa. Jino lililolegea kidogo, likisafishwa mpaka chini ya ufizi, mara nyingi huweza kukaza, au hudumu miaka mingi. Pengine hufungwa pamoja na meno ya jirani lipate nguvu. Lakini likiachwa mpaka limekosa mfupa wa kulishika, kung'olewa hakuna budi. Hivyo yule aliyeliogopa koleo ndiye aliyeliita kwa kungoja kwake. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Basi mwenye hofu na afanyeje? Kwanza, aitamke. Mzee akimwambia daktari, "Daktari, naogopa sana," hajajivunjia heshima. Amemsaidia daktari kazi yake. Naye daktari mwema atamjibu, "Mzee, nitakueleza kila jambo kabla ya kulifanya. Ukiinua mkono wako wa kushoto, nitaacha mara moja." Ishara hiyo ndogo huondoa nusu ya hofu, kwa maana mgonjwa ajua kwamba hajafungwa katika kiti kile.

Pili, ajue mapema yatakayompata. Sindano huchoma kwa muda mfupi. Kisha mdomo hufa ganzi kwa saa kadhaa. Atasikia kusukumwa na atasikia mlio, lakini maumivu makali hayampasi. Akiyasikia, na ainue mkono aongezewe dawa. Tatu, aeleze maradhi yake na dawa azitumiazo, hasa za kisukari, za shinikizo la damu na za kuzuia damu kuganda. Na jino likiwa lazima ling'olewe, auma pamba kwa kadiri ya nusu saa, na siku hiyo asisukutue kwa nguvu wala asivute tumbaku.

Nyumbani, kila mtu na apige mswaki asubuhi na usiku, wala asiache kwa kuona damu kidogo kwenye fizi, kwa sababu damu hiyo ni mlinzi apigaye mbiu. Asiisikiaye leo ataisikia kesho kwa njia ya jino linalotikisika. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa kinywani, ukisha kubomoka, hujengwa kwa gharama kubwa.