ARDHI NA MAISHA KATIKA NCHI ZA KASKAZINI
Mazungumzo mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi



Nimeombwa nieleze habari za Denmark, Uswidi, Norwei, Ufini na Iceland. Wengi wetu twazikumbuka nchi za huko kwa kituo cha Kibaha, kilichotokana na mkataba wa mwaka 1963 na kukabidhiwa kwetu mwaka 1970.

Hizi si nchi za neema ya asili kama wengi wadhanivyo. Norwei ni milima na mawe. Katika kila eka 100, ardhi ilimwayo yapata eka 3 tu. Ufini, robo tatu hivi ya nchi ni misitu. Mjini Tromsø jua halichomozi kwa takriban miezi miwili ya baridi. Ng'ombe hufungiwa zizini miezi mingi, na asiyeweka akiba ya majani wakati wa joto hana maziwa theluji ikianguka.

Nitakaa zaidi Denmark. Katika miaka ya 1870 nafaka rahisi ya Marekani na Urusi ilifurika Ulaya, bei ikaanguka. Wakulima wakaamua kuwalisha mifugo nafaka hiyo, wakauza siagi Uingereza. Lakini siagi ya mkulima mdogo, iliyosukwa jikoni, ilikuwa ya kila rangi na ladha, nayo ilipata bei hafifu kuliko ile ya mashamba ya mabwana. Mwaka 1882 wakulima wa Hjedding, magharibi ya Jutland, wakaanzisha kiwanda chao cha ushirika, chenye mashine mpya ya kutenga malai. Kila mwanachama alifungwa na ahadi ya kuleta maziwa yake yote, na ziada iligawanywa kwa kadiri ya maziwa aliyoleta. Maziwa yaliyotolewa malai yalirudi nyumbani kulisha nguruwe. Viwanda vilivyofuata vilijengwa kwa mikopo iliyodhaminiwa na wanachama wote, na katika kupiga kura vilihesabu vichwa vya watu, si vya ng'ombe. Mwanzoni mwa karne ya 20 vilikuwa zaidi ya 1,000. Naona ahadi ile ya kuleta maziwa yote ndiyo iliyokuwa nguzo: mchuuzi mwenye bei ya kuvutia ya wiki moja hakupata mlango.

Wavuvi wa Norwei nao, kwa sheria ya mwaka 1938, walipata haki ya chama chao kupanga bei ya chini ya samaki.

Hata hivyo viwanda vile vidogo vingi havipo tena. Viliungana na kuungana, hata mwaka 2000 chama kikubwa cha Denmark kikaungana na cha Uswidi kuwa Arla. Bado ni mali ya wakulima, lakini aliyekuwa akisimama mkutanoni kijijini kwake na kumwuliza meneja habari za mizani, sasa hutuma mjumbe. Nguvu ya sokoni imeongezeka, na sauti imesafiri mbali. Ndugu zangu wanaofikiria kuunganisha vyama vyao wapime yote mawili.

Walio wa vyama vya maziwa, nitawaeleza baada ya mapumziko jinsi malipo yanavyofuata mafuta yaliyomo, ili maji yasilipwe bei ya maziwa.